Kamera ya babu: usiitupe, wala usiifungue ovyo

WAHENGA walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Msemo huo ulihusu mikeka, lakini siku hizi unakifaa sana chombo kimoja kilichosahauliwa katika nyumba nyingi: kamera ya filamu.

Hebu tuseme, msomaji, kwamba shule zimefungwa na familia imepanga safari ya kwenda nyumbani Mghange, katika milima ya Taita. Mnashuka Voi, mnapanda matatu, mnapita Mwatate, kisha mnaanza kuzunguka kona za kwenda Wundanyi. Mnaipita Werugha na hatimaye mnafika huko juu ambako ukungu hushuka jioni na kila mtu hutafuta sweta yake. Nyumbani kwa nyanya kuna kabati la mbao. Juu ya kabati, kando ya sanduku la bati, kuna mkoba wa ngozi uliokauka. Ndani ya mkoba mna kamera nzito ya chuma, na mbele yake limeandikwa jina ambalo hujapata kulisikia: Petri, Miranda, Kowa au Topcon.

Utafanya nini? Wengi wetu tutafanya moja kati ya mambo mawili. Kuna atakayeifungua nyuma papo hapo ili aone kilichomo, na kuna atakayeuliza italeta pesa ngapi mjini. Wa kwanza anaweza kuangamiza kwa sekunde moja picha zilizongoja miaka 40. Wa pili anaweza kuuza kumbukumbu ya ukoo mzima kwa bei ya viatu. Makala haya yanakusudia kukuonyesha njia ya tatu.

Majina yaliyozikwa

Ukiuliza leo kuhusu kamera za Kijapani, utatajiwa Nikon na Canon. Hayo ni majina yaliyoshinda. Lakini baada ya Vita Vikuu vya Pili, Japani ilikuwa na viwanda vya kamera vingi ajabu, vingine vidogo kama karakana ya seremala. Katika miaka ya 1950 majina ya kamera za huko yalikuwa mengi kiasi cha kukaribia kujaza alfabeti nzima. Kulikuwa na Aires, Beauty, Leotax, Nicca, Taron, Walz, Zunow na mengine tele. Mengi ya hayo yalitoweka hata kabla ya Kenya kupata uhuru.

Mwanzo wake ulikuwa wa unyenyekevu. Mnamo 1934 kikundi kidogo mjini Tokyo kilitengeneza kamera ya majaribio iliyoitwa Kwanon, jina la mungu wa huruma katika dini ya Kibudha. Jina hilo ndilo lililozaa Canon. Wakati huo Wajapani walikuwa wakijifunza kwa kuziiga kamera za Ujerumani, na kwa muda mrefu dunia iliwadharau. Dharau hiyo ilianza kuondoka mwaka 1950, pale mpigapicha wa jarida la Life, David Douglas Duncan, alipozitumia lenzi za Nikkor katika vita vya Korea na wahariri wake wa Marekani wakashangazwa na ukali wa picha zake.

Sasa tazama visa vya hao walioshindwa. Kiwanda cha Miranda kilitoa mwaka 1955 kamera ya kwanza ya Kijapani ya milimita 35 yenye kioo na kipande cha kioo chenye pembe juu yake, kinachomwezesha mpigapicha kuiona picha wima na jinsi ilivyo, bila kugeuka kushoto kwenda kulia. Nikon haikufika hapo hadi 1959. Hata hivyo, ni Miranda iliyofilisika mwaka 1976. Topcon nayo, iliyotengenezwa na kampuni ya Tokyo Kogaku, ilitoa mwaka 1963 kamera ya kwanza ya aina hiyo iliyopima mwanga kupitia lenzi yenyewe. Leo ni wachache wanaoikumbuka. Petri ilitoka katika kiwanda kilichoanzishwa 1907, na ikafa 1977. Kowa ilianza kama duka la vitambaa mjini Nagoya mwaka 1894. Ilitengeneza kamera nzuri za picha kubwa, kisha ikaziacha, na hadi leo inatengeneza dawa.

Umeona basi, msomaji. Mshindi si lazima awe ndiye aliyetangulia. Mkusanyaji wa kamera hizi hufanana na mtu anayetembea makaburini akisoma majina. Anachokitafuta ni ule ufundi uliozikwa pamoja na wenye jina.

Zilitufikiaje?

Kwetu Afrika Mashariki, kamera ya Kijapani haikuja kama pambo. Ilikuja kufanya kazi. Kamera za boksi za Kodak ndizo zilizotangulia, lakini kuanzia miaka ya 1960 mjapani alianza kuonekana kila mahali. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya mjerumani na uimara wake haukuwa na shaka. Nyingine ziliuzwa katika maduka ya Mombasa na Nairobi. Nyingine zilibebwa na mabaharia kutoka Aden, bandari iliyosifika kwa bidhaa zisizotozwa ushuru. Nyingine zikaletwa na jamaa waliokwenda kutafuta riziki Ughaibuni, au wanafunzi waliorudi na shahada mkononi na kamera begani.

Katika studio za miji midogo, mfalme alikuwa Yashica. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1949 katika mkoa wa Nagano, ikitengeneza vipuri vya saa. Mwaka 1957 ilitoa Yashica-Mat, ile kamera ya macho mawili, moja juu ya jingine. Mpigapicha huiweka kifuani na kutazama chini kana kwamba anachungulia kisima. Roli yake moja hutoa picha 12 za mraba. Ikiwa una picha ya nyanya yako ya zamani, ya mraba, nyeusi na nyeupe, yeye amesimama wima kando ya meza yenye maua ya plastiki, basi yamkini alitazamwa na kamera ya namna hiyo.

Kumbuka pia picha za kipande. Kitambulisho, pasipoti, cheti cha shule na kitabu cha hospitali vyote vilidai uso wa mtu. Mtaita aliyeteremka kwenda kuajiriwa katika reli huko Voi, katika mkonge wa Mwatate au bandarini Mombasa, huenda alipigwa picha ya kwanza maishani mwake kwa sababu ya kazi. Ya pili aliipiga kwa hiari yake, ili aitume nyumbani milimani ionekane kwamba yu hai na anakula vizuri.

Pwani yetu ina mifano ya kujivunia. Pale Mombasa palikuwa na Studio ya Parekh, ambayo picha zake za wateja wa kawaida zimekuja kuonyeshwa katika maonyesho ya ng'ambo. Pale Lamu palikuwa na Omar Said Bakor, fundi wa kuunganisha picha mbili tatu zikawa moja. Kule Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Wateja wa studio hizo hawakujua kwamba wanaandika historia. Wao walitaka picha ya arusi, ya mtoto au ya sikukuu. Leo wasomi huzipekua picha hizo ili wajue tulivaa nini, tulisimamaje na tulitamani kuwa nani.

Kabla ya kuifungua

Turudi kabatini kwa nyanya. Kamera ya zamani inaweza kuwa na filamu ndani, na filamu hiyo inaweza kuwa imekwisha kupigwa. Wazee wengi walitumia roli moja kwa mwaka mzima: Krismasi, arusi, matanga, kisha Krismasi nyingine. Ikiwa mwenye kamera aliugua au kuhama, roli ilibaki humo. Mwanga ukiingia, kwaheri.

Jinsi ya kuhakikisha ni rahisi. Katika kamera ya milimita 35, tafuta kile kifundo kidogo kilicho upande wa kushoto juu, cha kurudishia filamu. Kizungushe polepole kufuata mshale. Kikizunguka bila kizuizi chochote, yaelekea hamna kitu. Kikikaza, acha! Kuna filamu. Bonyeza kitufe kilicho chini ya kamera, kisha uzungushe kifundo hadi usikie kimelegea ghafula. Hapo filamu imerudi katika mkebe wake na unaweza kuifungua kamera. Hata hivyo, fanya hivyo mahali penye giza iwezekanavyo.

Kwa kamera ya macho mawili, mambo ni kinyume. Filamu yake hairudishwi. Husogezwa mbele hadi mwisho, ikajiviringisha katika kijiti cha pili pamoja na karatasi yake. Endelea kuzungusha mkono wa pembeni hadi ulegee, kisha ufungue kivulini na ulifunge roli kwa gundi lake lisifumuke.

Je, picha za miaka 40 zinaweza kuoshwa? Mara nyingi zinaweza, hasa zikiwa za nyeusi na nyeupe, ingawa zitatoka na mawingumawingu. Za rangi hufifia upesi zaidi. Fundi mzoefu huweza kuziosha kama za nyeusi na nyeupe ili kuokoa sura za watu. Nyingine zimekwisha kabisa kupoteza dawa yake: filamu ya Kodachrome, kwa mfano, iliacha kuoshwa popote duniani mwishoni mwa 2010. Basi andika juu ya mkebe jina la filamu, mahali ulipoipata na kamera iliyotoka, kisha umpelekee anayeijua kazi. Usimpe anayejaribu bahati yake.

Maadui wawili wa Taita

Kiswahili chetu kina ujanja wake. Neno ukungu ni ule moshi wa baridi unaoufunika msitu wa Ngangao asubuhi. Ukungu pia ni ile kuvu inayomea juu ya mkate uliolala. Katika kamera, ukungu wa kwanza humzaa wa pili. Unyevu wa milimani huingia ndani ya lenzi, na baada ya miezi huota nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Zikiachwa, huila ile rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na hapo hata fundi hodari hawezi kuirudisha.

Mkosaji mkuu ni ule mkoba wa ngozi tunaodhani unailinda kamera. Ngozi hufyonza unyevu na kuukumbatia. Mkoba utunze, kwa kuwa ni sehemu ya historia, lakini kamera iweke nje yake. Iweke mahali penye hewa na mwanga kiasi, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu. Vipakiti navyo hushiba maji, kwa hivyo vibadilishe mara kwa mara. Ukimulika lenzi kwa tochi kutoka upande wa nyuma, utauona ukungu kabla haujasambaa. Usiiweke kamera yenye kuvu karibu na nzima.

Adui wa pili yuko chini, Voi. Kutoka Vuria, kilele cha mita 2,208, hadi mji wa Voi ulio karibu mita 600 juu ya bahari, ni mwendo mfupi tu, lakini ni dunia mbili. Huku chini hakuna ukungu. Kuna vumbi jekundu la Tsavo linaloingia hata katika sukari iliyofunikwa. Chembe moja ya mchanga katika gurudumu la kusukumia filamu itachora mstari mrefu kwenye kila picha ya roli. Kwa hivyo, anayesafiri na kamera kati ya mlima na nyika aifunge katika mfuko wa plastiki safarini, na akifika aitoe ikishazoea joto la mahali hapo ili isitoe jasho. Na vumbi likiingia, tumia kipulizio cha mpira na brashi laini. Usipulize kwa mdomo, kwa maana mate nayo ni maji.

Nzima au mfu?

Usikate tamaa kamera isipolia. Nyingi za miaka ya 1950 na 1960 hazihitaji betri hata kidogo. Olympus Trip 35, iliyotengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984, ina duara la vioo vidogo kuizunguka lenzi. Vioo hivyo hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme mdogo wa kupimia picha. Ukiifunika lenzi kwa kiganja na kubonyeza, kijibendera chekundu hutokea katika kidirisha na kamera hukataa kupiga. Ukiielekeza dirishani, hukubali. Ikifanya hivyo, i hai.

Nyingine, kama Yashica Electro 35 ya mwaka 1966, zilitegemea betri za zebaki, na betri hizo hazitengenezwi tena. Kisa chake kinafunza. Mkataba wa dunia wa kuzuia zebaki, uliotiwa sahihi 2013, unaitwa Mkataba wa Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambako zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda iliua na kulemaza watu. Nchi iliyotupa kamera hizo ndiyo iliyotufunza pia ubaya wa betri zake. Kwa kamera zilizotumia ile betri ndogo ya volti 1.35, watu hutumia betri za vifaa vya kusaidia kusikia, ambazo zinakaribia nguvu hiyo. Electro hutaka betri kubwa zaidi, na kuna vishikizo vya kuitosheleza kwa betri za siku hizi.

Kagua pia sponji nyeusi iliyo kwenye mlango wa nyuma. Baada ya miaka mingi hugeuka kuwa lami ya kunata. Ikikwisha, mwanga hupenya na picha hupata alama nyekundu. Dawa yake ni uzi mnene mweusi wa sufu au kitambaa cha mahameli, vitu ambavyo fundi cherehani wa Wundanyi hatakosa.

Alama za kumsaidia mtafutaji

Anayeanza kukusanya anahitaji kujua kusoma mwili wa kamera. Ukiona maandishi yanayosema ilitengenezwa katika Japani iliyokaliwa, basi ilitoka kabla ya Aprili 1952, wakati majeshi ya Marekani na washirika wake yalipoitawala nchi hiyo. Hizo ni chache. Ukiona kibandiko kidogo cha dhahabu chenye umbo la yai na neno PASSED, ujue ilikaguliwa na taasisi ya Kijapani iliyoanzishwa 1954 ili bidhaa mbovu zisiiabishe nchi ng'ambo. Kibandiko hicho usikibandue. Ni kama muhuri wa hospitali alikozaliwa mtoto.

Huenda ukakutana pia na vikamera vidogo vya kukaa kiganjani, vilivyojulikana kwa jina la Hit na majina mengine mengi. Watu hudhani ni vya watoto. La hasha, vilipiga picha kwelikweli, ndogo kama ukucha, kwa filamu yenye upana wa milimita 17.5. Aidha, usidanganywe na jina pekee. Viwanda vya Japani viliwauzia wengine kamera zikabandikwa majina mapya. Ile aliyokuwa nayo John Glenn alipoizunguka dunia mwaka 1962 ilikuwa na jina la Ansco, lakini iliundwa na Minolta. Na leo mambo yamegeuka: wenye Yashica waliacha kutengeneza kamera mwaka 2005, lakini jina lenyewe limeendelea kubandikwa kwenye bidhaa za wengine.

Kuhusu bei, nikuambie ukweli bila kukupaka mafuta. Kamera nyingi za kabatini hazitakujengea nyumba. Yashica na Olympus zilitengenezwa kwa wingi mno. Zenye bei ya kutisha, kama Zunow ya kioo ya mwaka 1958, ni adimu hata huko Japani. Thamani huamuliwa na hali ya lenzi na uchache wake. Umri peke yake hautoshi.

Usimdhulumu nyanya

Hapa ndipo penye uzito, msomaji. Siku hizi vijana wa mijini wamezirudia kamera za filamu, na si hapa kwetu pekee. Mwaka 2024 kampuni ya Ricoh ya Japani ilitoa kamera mpya kabisa ya filamu, Pentax 17, inayopiga nusu picha. Roli ya 36 hutoa 72, mtindo uleule ambao Olympus Pen iliueneza kuanzia 1959 watu walipotaka kubana matumizi. Panapotokea hamu hutokea walanguzi. Mtu huingia vijijini na tabasamu, humnunulia mzee kamera kwa pesa za unga na sukari, kisha huitia mkobani na kuondoka. Filamu iliyokuwamo huitupa. Negativu zilizokuwa katika bahasha hazitaki. Jina la mwenye kamera haliandiki.

Anachokipata ni chuma. Kilichokuwa na maana kimebaki nyuma kikichomwa pamoja na takataka.

Wadawida wa kale walikuwa na desturi ya kuyahifadhi mafuvu ya wazee wao katika mapango, kila ukoo na mahali pake, ili waliokufa wasikatike na walio hai. Desturi hiyo ilikoma dini mpya zilipoenea, lakini mapango yapo na heshima ipo. Naona kabati la nyanya ni pango la namna yake. Sura za ukoo zimo humo. Basi mkusanyaji mwema huingia kwa adabu.

Adabu yenyewe ni hii. Kwanza, kaa chini uulize. "Nyanya, kamera hii ilikuwa ya nani? Aliinunua wapi? Aliwapiga picha akina nani?" Andika majibu katika daftari, pamoja na tarehe. Pili, tafuta negativu. Mara nyingi zimo katika bahasha za studio, ndani ya Biblia au chini ya nguo. Zishike pembeni tu, uziweke katika karatasi kavu na uzipige picha kwa simu juu ya dirisha lenye mwanga, ili pawe na nakala hata moto ukitokea. Tatu, nyuma ya kila picha andika majina kwa penseli laini, maana kalamu ya wino hupenya hadi usoni. Nne, ikiwa kamera ni ya kuuzwa, mwambie mzee bei yake halisi mbele ya watoto wake. Na ikiwa hataki kuuza, mwachie. Mwoshee lenzi bure na uende zako.

Kamera yenye daftari lake ina thamani mara kumi kuliko isiyo nalo, hata kama sokoni zinauzwa bei moja.

Mwanafunzi aanzie wapi?

Kwa mwanafunzi mwenye hamu, ushauri ni kuanza na kamera moja inayofanya kazi, si kumi zilizokufa. Filamu ni ghali na haipatikani katika kila mji, kwa hivyo kila picha iwe na sababu. Hiyo nayo ni elimu. Anayejua kwamba ana picha 36 tu hutazama kabla ya kubonyeza.

Kanuni ya zamani itakuokoa ikiwa kipimo cha mwanga kimekufa. Ukiwa na filamu ya nguvu 100, weka kasi ya 125. Katika jua kali la Voi saa sita mchana, tundu la lenzi liwe 16. Jua likififia kidogo, shuka hadi 11. Mawingu yakitanda, 8. Ukifika Mghange na ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, weka 5.6, na giza likizidi, 4. Ukiweza kukumbuka hesabu hiyo, utapiga picha kwa kamera yoyote duniani, hata ile ambayo jina lake limekwisha kufutika.

Shuleni mnaweza kuanzisha chama kidogo. Mmoja alete kamera ya mjomba, mwingine alete albamu ya nyumbani, na mwalimu wa historia awape kazi ya kutafuta walioonekana pichani. Mtashangaa ni mangapi wazee wanayakumbuka wakiwekewa picha mkononi, mambo ambayo wangeulizwa kwa mdomo mtupu wasingeyasema.

Simu tulizo nazo mfukoni hupiga picha maelfu, na wengi wetu tumezipoteza picha hizo pamoja na simu. Kamera ya babu ilipiga 12 au 36, zikaoshwa, zikaandikwa nyuma, zikatiwa sandukuni. Baadhi zingali zipo. Kwa hivyo, utakapopanda mlima likizo ijayo, usiulize kwanza kamera ni ya pesa ngapi. Zungusha kile kifundo polepole, usikilize kama kinakaza, kisha umwite nyanya aje akueleze ni siku ya nani iliyofungiwa humo.